Maana za neno "kuchimba": shaba, dawa, mkwara

Kapalamsenga, mkoani Katavi, ukiambiwa fulani "kaenda kuchimba", wazo la kwanza ni shaba. Lakini kitenzi hiki kina kazi nyingi, na ukikielewa vibaya kinaweza kukuponza.

1. Kuchimba shimo
Hii ndiyo maana ya msingi: kutoa udongo au mwamba kwa jembe, sururu au mashine. Humo tumepata mchimbaji, machimbo na uchimbaji.

2. Kuchimba dawa
Abiria akimwambia konda "simamisheni tuchimbe dawa", hakuna mizizi inayotafutwa. Watu wanataka kujisaidia porini. Ni tafsida ya safari. Asiyeijua atabaki kwenye siti, kisha ateseke njia nzima.

3. Kuchimba mkwara
Ni kutisha kwa maneno. Mwenye nyumba akikuchimba mkwara, hajakutoa bado. Anataka uogope ulipe kodi.

4. Kumchimba mtu
Hapa kuwa makini. Inaweza kuwa kumdadisi mtu mpaka atoe siri, au kumfanyia fitina chini kwa chini hadi aanguke. Sikiliza sentensi nzima kabla ya kukasirika.

5. Chimbuko
Nomino hii ni ya ukoo huohuo. Maana yake ni asili, mahali jambo lilipoanzia.

Kwa kifupi, maana huletwa na neno linalofuata. Na kumbuka: dawa na mkwara havihitaji leseni, ila ukichimba shaba bila leseni umevunja Sheria ya Madini ya mwaka 2010.