Sauti za Watoto Baina ya Coventry na Dresden

Wahenga walisema kuwa undugu ni kufaana, si kufanana. Neno hilo husemwa juu ya watu, walakini laweza kupimwa juu ya miji pia, kwa maana katika karne ya 20 ilienea desturi ya mji mmoja kufunga undugu na mji wa nchi nyingine. Undugu wa namna hii hutiwa sahihi na mameya, na mara nyingi huishia katika karamu na kupeana zawadi. Ipo miji michache iliyouvuka mpaka huo. Miongoni mwayo ni Coventry, ulioko Uingereza, na Dresden, ulioko Ujerumani. Na kisa chao chaonyesha kuwa hati ya halmashauri haitoshi mpaka vijana nao wapewe sehemu yao, katika nyimbo na katika kazi ya mikono.

Usiku wa tarehe 14 Novemba 1940 ndege za Wajerumani ziliushambulia mji wa Coventry kwa mabomu. Watu zaidi ya 500 walikufa, na kanisa kuu la Mtakatifu Mikaeli likateketea, zikabaki kuta na mnara tu. Siku ya Krismasi ya mwaka ule ule mkuu wa kanisa hilo, Richard Howard, alinena katika redio kutoka magofuni, akawasihi wasikilizaji waifukuze fikira ya kulipiza kisasi. Rafiki wa kwanza wa Coventry alikuwa mji ulioumizwa na adui yule yule. Mwaka 1944 Coventry ulifunga undugu na Stalingrad, na wanawake 830 wa Coventry wakawapelekea wenzao kitambaa cha meza kilichotariziwa majina yao. Jambo hilo lilikuwa jema, lakini halikuwa gumu. Aliyeumia humtambua upesi aliyeumia pamoja naye. Mtihani ulikuwa bado.

Mtihani wenyewe ulitoka Dresden. Kuanzia tarehe 13 Februari 1945 ndege za Waingereza na Wamarekani ziliuchoma mji huo, wakafa watu wapatao 25,000. Kanisa la Msalaba liliungua. Hapo ndipo palipokuwa makao ya Kreuzchor, kwaya ya wavulana ambayo asili yake ni karne ya 13. Wavulana 11 wa kwaya hiyo walikufa katika moto ule. Kiongozi wao, Rudolf Mauersberger, aliokoka, akaenda kijijini kwao milimani, na huko, siku ya Ijumaa Kuu na Jumamosi iliyofuata, akatunga wimbo wa kwaya kwa maneno ya Maombolezo ya Yeremia, yale yanayoulilia mji ulioachwa ukiwa. Tarehe 4 Agosti 1945 waimbaji waliosalia walisimama ndani ya gofu la kanisa lao, wakauimba. Hivyo watoto ndio waliowaimbia maombolezo watoto wenzao.

Yapasa kukumbuka kuwa nchi iliyolia ndiyo iliyoianza vita. Mauersberger mwenyewe alijiunga na chama cha Nazi mwaka 1933. Hapa ndipo ugumu wa jambo ulipo: maombolezo ya Dresden yalikuwa ya kweli, na hatia ya Ujerumani ilikuwa ya kweli vile vile, wala moja halikulifuta la pili. Fahali wawili walipopigana, ziliumia nyasi. Lakini nyasi za pande zote mbili zilikuwa na wenyewe waliowashangilia fahali hao.

Coventry na Dresden zilifunga undugu mwaka 1959. Mwaka 1961 vijana wa Kijerumani walifika Coventry, wakafanya kazi kwa miezi kadhaa wakikijenga kituo cha mikutano ya mataifa katika vyumba vilivyobomoka vya kanisa la kale. Mwaka uliofuata kanisa jipya lilifunguliwa kando ya magofu, na tarehe 30 Mei 1962 ukapigwa humo kwa mara ya kwanza muziki wa Benjamin Britten uitwao War Requiem, yaani misa ya wafu wa vita. Britten aliyachanganya maneno ya Kilatini ya misa na mashairi ya Wilfred Owen, askari wa Kiingereza aliyeuawa tarehe 4 Novemba 1918, juma moja kabla ya vita kusimama.

Mpango wa sauti zake wastahili kuangaliwa. Kuna kwaya kubwa na okestra. Kuna waimbaji wawili wa kiume wanaoimba kama askari. Na mbali nao wote kuna kwaya ya wavulana, inayosikika kana kwamba yatoka nje ya dunia ya wapiganaji. Katika sehemu ya mwisho askari mmoja akutana, baada ya kufa, na adui aliyemuua kwa mkono wake. Siku ile ya kwanza Mwingereza, Peter Pears, aliimba sehemu ya askari huyo. Na adui aliyeuawa akaimbwa na Mjerumani, Dietrich Fischer-Dieskau, aliyekuwa askari wa nchi yake na mfungwa wa vita wa Wamarekani. Mahasimu wale wanapokwisha kupatana, ndipo sauti za watoto zinapoingia.

Ajabu ni kwamba Mauersberger naye, katika misa ya wafu wa Dresden aliyoitunga baada ya vita, aliweka kwaya ya mbali isiyoonekana. Si lazima kudai kuwa mmoja alimwiga mwenziwe. Miji miwili iliyoungua iliona haja ile ile: kuitafutia mahali sauti isiyopigana, mahali ambapo waliokufa na wasiojua vita waweza kusikika pamoja.

Walakini muziki una mipaka yake. Britten alikusudia mwimbaji wa tatu awe Mrusi, Galina Vishnevskaya, ili mataifa matatu yasimame pamoja. Serikali ya Kisovyeti ilimkataza kwenda Coventry, na nafasi yake ikashikwa na Heather Harper. Vishnevskaya aliiimba sehemu yake mwezi Januari 1963 mjini London, muziki huo ulipotiwa katika santuri, na wavulana wa shule ya Highgate wakaimba naye. Kadhalika undugu wa Coventry na Dresden ulikuwa na ukuta mbele yake, kwa kuwa Dresden ulikuwa katika Ujerumani Mashariki, na watawala wa huko hawakusita kuyatumia maafa ya mji huo katika ugomvi wao na nchi za Magharibi.

Hata hivyo mwaka 1965 vijana wa Kiingereza, wakitumwa na kanisa kuu la Coventry, walikwenda Dresden kusaidia kuijenga upya hospitali iliyoharibiwa na mabomu ya nchi yao. Deni la mwaka 1961 lilirudishwa kwa kazi ya aina ile ile.

Katika kwaya hakuna anayetakiwa kuigeuza sauti yake ifanane na ya mwingine; hutakiwa amsikilize mwenziwe, ashike zamu yake, anyamaze panapopasa. Coventry haukulazimishwa kusahau mwaka 1940, wala Dresden mwaka 1945. Misa ya Mauersberger huimbwa Dresden katika ukumbusho wa mwezi Februari, na kila kizazi cha wavulana hujifunza upya zamu zake, pamoja na ile ya kwaya ya mbali.