Reli ya toroli ya Mombo–Handeni

Reli ya toroli ya Mombo–Handeni ilikuwa njia ya kijeshi iliyojengwa na Wajerumani katika koloni lao la Afrika Mashariki wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kwa zana za mashamba. Reli ya Usambara, iliyofika Korogwe mwaka 1902 na Moshi 1911, haikuungana na Reli ya Kati, na njia ya toroli ilikusudiwa kupunguza pengo hilo. Na kwa kuwa manowari za Uingereza zilifunga pwani, vifaa vipya viliingia kwa nadra. Jeshi likageukia mashamba ya mkonge na mpira, yaliyokuwa na reli nyembamba na vitoroli vya kubebea mazao. Vipande vya reli hizo ni vyepesi: watu wachache huvibeba, huvitandaza na kuviunganisha. Vitoroli vilisukumwa kwa mikono ya Waafrika, jambo ambalo masimulizi ya kumsifu Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, hulipita haraka mno.

Korogwe ilitekwa na Waingereza Juni 1916, Handeni siku chache baadaye. Majeshi yao, chini ya Jenerali Smuts, nayo yalitegemea bidhaa za kiraia, yakiwemo magari ya Ford, kwani mbung'o waliua farasi na maksai. Mvua iliponyesha, magari yalikwama matopeni na mizigo ikarudi vichwani mwa wapagazi.