Toleo Limefika Wapi?

Ukipita Chamazi au Bunju huhitaji kumuuliza mtu nyumba ya jirani imefika wapi. Unaiona kwa macho. Hii iko kwenye msingi na majani yameanza kuota ndani yake. Ile ni boma, bado kupaua. Ya tatu imeshapauliwa, haina plasta, lakini mwenyewe amehamia na mapazia yanapepea kwenye madirisha yasiyo na vioo. Sisi wa pembezoni mwa Dar es Salaam tuna lugha iliyokamilika ya kazi isiyokamilika. Msingi, jamvi, lenta, kupaua: ukitajiwa neno moja tu, umejua kilichofanyika, kilichobaki na pengine hata fedha inayotakiwa.

Lugha hiyo ndiyo ninayoikosa kila ninapoandika juu ya programu za kompyuta.

Neno la Kiingereza release, kwa maana ya programu iliyokamilishwa na kukabidhiwa watumiaji, tumezoea kuliita toleo. Tumelichukua kutoka kwenye magazeti na vitabu, na mimi nalitetea. Sababu yangu ni ya kisarufi. Toa, tolea, toleo. Mtu anaweza kutoa kitu akakiacha njiani, lakini anayetolea anamtolea mtu. Mpokeaji amekaa ndani ya neno lenyewe, na mpokeaji ana haki ya kuuliza alichoahidiwa kimefika wapi.

Kasoro ni kwamba toleo ni jina la kitu kilichokwisha kutoka. Safari ya kukifikia haina jina.

Safari hiyo ina uzito wa pekee katika programu huria. Neno huria halina ugeni Kinondoni, ambako Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa 1992, kina makao yake makuu. Kwenye programu, huria maana yake ni kwamba msimbo uko wazi: yeyote anaweza kuusoma, kuubadili na kuusambaza. Wengi hudhani hapo uwazi umetimia. Haujatimia. Msimbo unaweza kuwa wazi na bado asiyekuwa fundi asijue toleo lijalo litatoka mwezi ujao au mwaka ujao, wala linazuiwa na nini. Umeonyeshwa rundo la matofali, hujaambiwa kama ni la msingi au la ukuta.

Debian, mfumo endeshi unaojengwa na watu wa kujitolea duniani kote, ulitoa toleo la 3.0 Julai 2002, na 3.1 likaja Juni 2005. Karibu miaka mitatu! Lakini waundaji wake huweka hadharani orodha na hesabu ya dosari zinazozuia toleo, na yeyote anaweza kuona kama zinapungua au zinaongezeka. Ucheleweshaji wa namna hiyo unavumilika, kwa sababu una maelezo.

Mfano ulio karibu zaidi nasi ni QGIS, programu huria ya kuchora ramani. Mwaka 2011 wanafunzi na wakazi walichora ramani ya Tandale, Dar es Salaam, na kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria ukaieneza kazi hiyo katika kata za Kinondoni, Ilala na Temeke, hasa zinazokumbwa na mafuriko. Taarifa zilizokusanywa mitaani ziliingizwa OpenStreetMap, ramani huria ya dunia, na QGIS ikatumika kuzigeuza ramani za kubandika ukutani. Mwaka huohuo wa 2015 QGIS ilitoa 2.8, toleo lake la kwanza la kutunzwa kwa muda mrefu. Ratiba yake hutangazwa mapema: toleo jipya kila miezi minne, mitatu ya kuongeza mambo mapya, na wa mwisho wa kufunga nyongeza, kujaribu, kusahihisha na kutafsiri. Mwalimu anayeandaa mafunzo ya wachora ramani anaitazama ratiba hiyo na kuchagua toleo ambalo halitambadilikia katikati ya somo.

Safari ya kulifikia toleo tuiiteje basi? Wapo wanaopendekeza maendeleo ya toleo. Silitaki. Maendeleo kwetu yamebeba barabara, visima na hotuba, na msikilizaji atadhani toleo linaboreshwa. Napendekeza mwendo wa toleo, na kuonyesha wazi hatua zake kuitwe uwazi wa mwendo wa toleo. Mwendo waweza kuwa wa haraka, wa pole au wa kusimama kabisa, na yote hayo yanafaa kutangazwa. Nakala ya mwisho ya majaribio, ile itakayopitishwa isipokutwa na dosari kubwa, naiita toleo tarajiwa, kama tunavyosema mama mtarajiwa.

Na ule mwezi wa mwisho katika ratiba ya QGIS, wa kufunga nyongeza, unamhusu sana mtafsiri. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Kazi kama hiyo ni ya maelfu ya maneno, na mtafsiri hawezi kuimaliza ikiwa vitufe vipya vinaendelea kuongezwa pembeni bila yeye kuambiwa. Siku ya toleo nusu ya menyu itakuwa Kiswahili na nusu Kiingereza, na lawama itamwangukia yeye. Anachohitaji ni kujua, wiki nne kabla, kwamba nyumba imeshapauliwa na hakuna chumba kitakachoongezwa tena.