Mguu Mzito na Difu: Gari la Rimoti Lilivyojifunza Kutovunjika

Muulize fundi wa malori pale Benako, wilayani Ngara, lori lenye shehena linalotoka Nyakanazi kwenda Rusumo hufia wapi. Injini hataitaja kwanza. Atakutajia klachi, krosi ya propela, hafu shafti, na zaidi ya vyote difu, gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya ekseli. Injini inaweza kunguruma salama salimini huku lori halisogei, kwa sababu nguvu imepasukia njiani kabla ya kufika kwenye tairi. Barabara hii imewafunza watu hilo muda mrefu. Benako yenyewe imerithi jina la kampuni ya Kiitaliano iliyokuja kujenga barabara, na jina hilo likasikika duniani mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wa Kinyarwanda wapatao laki mbili na nusu walipovuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi na kupiga kambi hapo. Tangu hapo wilaya za Biharamulo na Ngara zimeona malori ya kila aina, na kila aina ya kuharibika.

Ajabu ni kwamba somo hilohilo limo ndani ya mchezo ambao wengi wetu tunauona ni wa watoto: gari la rimoti la umeme, pikapu ya urefu wa nusu mita iliyopandishwa juu ya matairi makubwa kupita kiasi. Watu wazima huyashindanisha magari hayo, na kabla ya mashindano huyafumua chini na kuyaunda upya. Historia ya ufundi huo ni historia ya kitu gani kilivunjika, na baada yake kikavunjika nini.

Inaanzia kwenye gari la kweli. Mwaka 1974 Bob Chandler, mtu wa kazi za ujenzi karibu na St. Louis, Missouri, alinunua pikapu ya Ford F-250. Mwaka uliofuata akafungua duka la vipuri vya magari yanayovuta kwa magurudumu manne, na pikapu yake ikawa tangazo la duka. Chandler hakuwa dereva wa upole. Alikanyaga mafuta hadi vyuma vikakatika, akafunga vikubwa zaidi, navyo akavikata. Meneja wake, Ron Magruder, ndiye aliyemtania kwa kumwita Bigfoot, yaani Mguu Mkubwa, kwa ajili ya mguu wake mzito kwenye pedali ya mafuta. Jina likahamia kwenye gari.

Yaliyofuata fundi yeyote wa Nyakanazi angeyatabiri. Ukifunga tairi kubwa, ekseli inalemewa. Chandler akatafuta ekseli za malori ya jeshi la Marekani. Ekseli nzito zikadai injini yenye nguvu zaidi, injini ikaielemea giaboksi, giaboksi ilipoimarishwa propela, mhimili unaopeleka nguvu kwenye ekseli, ikapinda. Ekseli hizo za kijeshi zilikuwa na usukani, basi akafunga moja mbele na moja nyuma, gari likaweza kukata kona kwa magurudumu yote manne. Mwaka 1981 alilipandisha juu ya magari mabovu shambani na kuyaponda, mambo yakapigwa picha, na mwaka uliofuata watu walikuwa wanalipa kiingilio viwanjani kuona chuma kikisagwa. Matairi yake yalifika kimo cha inchi 66, yaani kama sentimita 168, kimo cha mtu mzima wa kawaida.

Kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilikuwa inauza magari ya rimoti tangu 1976, ilipotoa mfano wa Porsche 934. Haikuchelewa kuuona upepo unakoelekea. Mwaka 1986 ikatoa Blackfoot, pikapu ya matairi makubwa inayosukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Magari ya ukoo wake yalikuwa na ugonjwa mmoja uliojulikana: ncha ya shafti ilikuwa na pembe sita, na mwendesha gari alipofunga mota kali, pembe zile zililika zikawa mviringo. Mota inalia, gari limesimama. Dawa ikaja kutoka California, ambako kampuni ndogo iitwayo MIP ilitengeneza shafti za chuma zenye kiungo kinachopinda bila kukatisha mzunguko.

Mwaka 1987 ikaja Clod Buster, na hapa napenda kukaa kidogo, kwa kuwa ni gari la busara kuliko linavyoonekana. Wahandisi wa Tamiya waliikimbia propela kabisa. Kila ekseli ilipewa mota yake na giaboksi yake palepale katikati, mota mbili kwa betri moja ya volti 7.2, na magurudumu yote manne yakapewa usukani kama ya Chandler. Hakuna krosi wala giaboksi ya kugawa nguvu mbele na nyuma. Kisichokuwepo hakivunjiki. Watoto wetu wanaijua falsafa hiyo tangu zamani: gari la waya lenye usukani mrefu wa mti na matairi ya kandambili halina difu, nguvu ni miguu ya mwenye nalo, na halijawahi kusubiri kipuri kutoka Mwanza.

Lakini washindani hawakuiacha ilivyo. Kwanza walitoa bushi za plastiki zilizokuja na gari wakaweka beringi. Kisha wakaigeukia difu. Aliyewahi kukwama kwenye tope la masika anaelewa kwa nini: difu ya kawaida huruhusu gurudumu moja kuzunguka bure huku lenzake limetulia kama halihusiki. Wakaifunga moja kwa moja, magurudumu mawili ya ekseli yazunguke kwa pamoja. Kwenye mbio za mstari mnyoofu na kupanda vizuizi ikawa dawa. Kwenye kona ikawa balaa, maana gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Yakilazimishwa mwendo mmoja, tairi linaburuzwa na shafti inasokotwa. Tatizo hilo ndilo lililofanya difu ibuniwe Ulaya katika karne ya 19, kabla ya gari la petroli.

Marekani ikajibu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kampuni ya Traxxas ya Texas ilitoa E-Maxx: mota mbili, betri mbili, na giaboksi ya gia mbili inayobadilishwa kwa rimoti. Propela ikarudi, safari hii ya plastiki, nayo ilitosha kwa mota za zama zile. Mambo yakaharibika, au tuseme yakanoga, zilipoingia mota zisizo na brashi na betri za lithiamu. Seli ya zamani ya nikeli ilitoa volti 1.2, ya lithiamu hutoa 3.7.

Chukua mota inayozunguka mara 2,200 kwa dakika kwa kila volti moja. Ukiipa betri ya seli nne, volti 14.8, hesabu inafika mizunguko 32,560 kwa dakika. Gia zikiipunguza mara 16, tairi lenye kipenyo cha sentimita 15 litalifikisha gari kilomita 57 kwa saa, kabla hujaondoa upotevu wa msuguano. Ongeza pinioni, gia ndogo ya mota, kutoka meno 18 hadi 20, umepandisha mwendo kwa asilimia 11 na joto la mota pamoja nao. Weka tairi kubwa zaidi, umefanya jambo lilelile bila kugusa gia, kosa ambalo wenye pikapu hulifanya hata huku kwetu. Plastiki haikuyaweza hayo. Shafti zilijisokota, meno ya difu yakanyolewa, chuma kikachukua nafasi.

Hapo ndipo washindani wa leo walipofikia jambo lililo kinyume na njia ya Chandler: kuacha mahali pa kulegea kwa makusudi. Badala ya kuifunga difu, huijaza mafuta mazito ya silikoni, ili gurudumu linalotaka kuzunguka bure lizuiwe bila kunyimwa uhuru wa kona. Walio na difu ya tatu katikati huiwekea hiyo mafuta mazito kuliko nyingine, ya mbele huiwekea ya wastani, na ya nyuma mepesi ili mkia usichomoke kwenye kona.

Na karibu na gia kubwa ya mota hufunga klachi ya kuteleza, sahani inayobanwa kwa springi na nati moja. Gari likiruka kilima na kutua huku mota inavuta, mshtuko unaishia kwenye klachi. Sahani inateleza kidogo, difu inapona. Nati ikikazwa mno, klachi haipo, na kitakachokatika kitakuwa ghali. Ikilegezwa mno, inaungua. Kwa hiyo kabla ya mbio utamwona mtu mzima amechuchumaa, ameshika magurudumu ya nyuma kwa mkono mmoja na kuizungusha gia kwa kidole, akipima inaanza kuteleza kwa ukinzani gani, kisha anarudisha nati robo mzunguko na kupima tena.