Nywele na Asili: Mtoto Chotara Katika Nchi ya Mbulu na Hanang

Jorodom ni mahali pa wakulima na wafugaji, katika nchi ya Mbulu na Hanang ambayo tangu mwaka wa 2002 imo katika Mkoa wa Manyara. Kwa wenye elimu ya lugha, nchi hii ina sifa isiyopatikana kwa urahisi mahali pengine. Kiiraqw ni lugha ya jamii ya Kikushi. Kidatoga ni ya Kiniloti. Kinyaturu, Kinyiramba na Kiisanzu, zinazosemwa upande wa magharibi na kusini, ni za Kibantu. Na Kihadza, kinachosemwa kando ya Ziwa Eyasi, hakijathibitishwa kuwa na ndugu yeyote. Juu ya zote hizo Kiswahili kimekuwa lugha ya shule, ya soko na ya baraza.

Watu wa lugha hizo wameoana kwa vizazi vingi. Koo kadha wa kadha za Wairaqw husimulia kwamba babu yao wa kwanza alitoka kwa watu wengine, wala simulizi hiyo haiwapunguzii haki ya kuitwa Wairaqw. Kuchanganyika kwa damu, basi, si jambo geni katika nchi hii. Lakini akizaliwa binti ambaye mama yake ni Mwiraqw na baba yake ni Mzungu au Mwarabu, huulizwa swali ambalo mtoto wa Mwiraqw na Mdatoga haulizwi, na swali lenyewe aghalabu huanzia kichwani pake: nywele hizi umezitoa wapi? Yafaa kuchunguza jinsi nywele zilivyopata kufanywa shahidi wa asili ya mtu, na ni nani waliompa shahidi huyo kiapo.

Wa kwanza kutajwa ni wataalamu wenyewe. Mwaka wa 1912 Carl Meinhof alitoa kitabu chake juu ya lugha alizoziita za Kihamiti, akaingiza humo Kifula, Kimasai na hata Kinama cha kusini. Mwaka wa 1930 C. G. Seligman alichapisha kitabu juu ya mataifa ya Afrika, na miongoni mwa vipimo alivyovitumia kuyagawa ni rangi ya ngozi, kimo, umbo la kichwa, umbo la pua na namna ya nywele. Kwa maoni yake, ustaarabu wa Afrika uliletwa na Wahamiti, ambao aliwahesabu kuwa jamaa ya watu wa Ulaya. Maoni hayo yaliigusa moja kwa moja nchi ya Mbulu. Wairaqw waliwekwa katika hesabu ya Wahamiti, na Wadatoga wakaitwa Waniloti-Wahamiti, jina ambalo G. W. B. Huntingford alilitumia bado mwaka wa 1953 katika kitabu chake juu ya watu hao na jamaa zao. Hivyo watu wawili majirani walipewa vyeo vya nasaba na wageni waliochanganya mizani ya lugha na mizani ya mwili.

Mizani hiyo ilivunjwa na elimu ya lugha. Mwaka wa 1958 W. H. Whiteley, ambaye alihudumu pia katika Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki, alitoa maelezo mafupi ya Kiiraqw, yaliyoichambua lugha hiyo kwa maneno yake na viambishi vyake. Mwaka wa 1963 Joseph Greenberg alitoa mgawanyo wake wa lugha za Afrika, akashika kanuni kwamba lugha hugawanywa kwa ushahidi wa lugha peke yake, si kwa umbo la watu wala kwa ufugaji wao wa ng'ombe. Kwa kanuni hiyo jina la Kihamiti lilikosa kazi: Kiiraqw kikawekwa pamoja na lugha za Kikushi, na Kidatoga pamoja na za Kiniloti. Si kila neno la Greenberg limesimama, kwani kukiunganisha kwake Kihadza na lugha za Khoisan kumekataliwa na wengi waliomfuata. Lakini hakuna aliyerudi kutafuta ushahidi katika nywele.

Shahidi wa pili kuitwa alikuwa mbele ya serikali. Katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, ndoa baina ya Wazungu na Waafrika zilipigwa marufuku mwaka wa 1906, mwaka mmoja baada ya marufuku ya namna hiyo katika Afrika ya Kusini Magharibi. Marufuku haikuzuia watoto kuzaliwa. Iliwazuia kupata jina la baba. Wakati wa utawala wa Mwingereza, shule za Tanganyika ziligawanywa kwa Wazungu, Waasia na Waafrika, na mtoto wa damu mbili alilazimika kuhesabiwa upande mmoja. Mgawanyo huo uliondolewa mwaka wa 1962. Kabla ya hapo, mwezi wa Oktoba 1961, bunge lilipojadili sheria ya uraia, Julius Nyerere alikataa kwa ukali kwamba uraia upimwe kwa rangi.

Nchi nyingine zilifika mbali zaidi. Katika Afrika ya Kusini, chini ya sheria ya kuandikisha watu ya mwaka wa 1950, maofisa waliweza kutia penseli katika nywele za mtu: ikianguka, yu Mzungu, ikikwama, si Mzungu. Sandra Laing, aliyezaliwa mwaka wa 1955 kwa wazazi waliohesabiwa kuwa Wazungu, alitolewa shuleni na polisi mwaka wa 1966 kwa sababu ya ngozi yake na nywele zake, akaandikwa kuwa chotara. Mwaka uliofuata, sheria ilipobadilishwa ili nasaba ya wazazi itangulizwe, akaandikwa tena Mzungu. Nywele zake zilikuwa zile zile. Katika Kongo ya Wabelgiji mtoto wa mama Mwafrika na baba Mzungu aliweza kunyang'anywa mama yake na kupelekwa misheni. Serikali ya Ubelgiji iliomba radhi mwaka wa 2019, na tarehe 2 Desemba 2024 mahakama ya rufani ya Brussels iliamua, katika kesi ya wanawake watano waliotendewa hivyo utotoni, kwamba lile lilikuwa kosa la jinai dhidi ya ubinadamu.

Sheria hizo zimekwisha. Tanzania haikuuliza kabila tena katika sensa zake baada ya ile ya 1967, na hakuna daftari la serikali linalomtaka binti wa Jorodom achague damu yake moja. Lililobaki ni msamiati, na hapo mwenye elimu ya lugha ana kazi yake.

Neno chotara lilikwisha kuingia katika kamusi kubwa ya mwaka wa 1939 iliyotolewa chini ya Frederick Johnson. Jirani zake ni suriama, yaani mtoto wa suria, neno linalobeba ndani yake habari ya utumwa. Hafukasti, lililochukuliwa kwa Waingereza. Na shombe, la mazungumzo ya mjini. Lakini katika nchi ya wafugaji neno chotara lina maisha mengine pia. Bwana mifugo husifu ng'ombe chotara kwa wingi wa maziwa yake. Bwana shamba husifu mbegu chotara. Na kuku chotara huuzwa kwa bei nzuri. Binti husikia neno moja likitumiwa kwa mtamba wa zizini na kwake yeye, nalo kwa mtamba ni sifa, ilhali kwake ni swali.

Maneno ya nywele nayo yana daraja. Nywele za kipilipili zimeitwa kwa mfano wa punje ya pilipili manga, bidhaa iliyovuka bahari kutoka Bara Hindi; kwa hiyo nywele za wenyeji zimepewa jina kwa kufananishwa na kitu cha wageni. Nywele za singa ni zile zilizonyooka na kuteleza. Katika usemi wa kila siku za singa huitwa laini, na mara nyingi nzuri. Za kipilipili huitwa ngumu, kana kwamba zimekaidi amri. Mtoto wa damu mbili aghalabu ana namna zote mbili katika kichwa kimoja: utosini zimejikunja, shingoni zimelegea. Akiambiwa ana nywele nzuri, husifiwa kwa upande wa baba na kutukaniwa mama yake katika sentensi moja.

Shule nazo zina sehemu yao. Katika shule nyingi za serikali wanafunzi wa kike hutakiwa kukata nywele ziwe fupi. Mkasi ukipita kwa wote, ushahidi wa kila mmoja huanguka chini. Lakini popote anapoachiliwa mmoja kwa kuwa zake ni laini, kipimo cha zamani hurudi darasani bila sheria yoyote kukiita.

Siku hizi husemwa nywele za asili, kwa maana ya nywele zisizotiwa dawa ya kuzinyoosha. Neno asili lina maana mbili: hali ya kitu kilivyoumbwa, na chanzo cha mtu. Anayemwambia binti wa Jorodom aache nywele zake za asili amesema maana ya kwanza. Yeye huenda akasikia ya pili, akajiuliza ni asili ipi. Watunga kamusi wanaweza kumsaidia kwa kuzitenga maana hizo waziwazi, na kwa kueleza singa na kipilipili kwa umbo tu, bila kuacha uzuri au ugumu uingie katika tafsiri.

Mama yake, akikaa nyuma yake na chanuo jioni, hana haja ya maneno ya nasaba. Hutumia yale ya kazi: kuchambua, kuchana, kupaka mafuta, kugawa, kusuka. Hayo hufaa kwa kila unywele alio nao.