Matt Little: Kutoka umeya hadi Seneti

Mji wa Lakeville, ulioko kusini mwa Minneapolis katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, ulikuwa na wakazi zaidi ya 69,000 mwaka 2020.

Ndiko alikoanzia siasa Bw. Matt Little, aliyechaguliwa diwani mwaka 2010 na meya mwaka 2012, kabla hajatimiza umri wa miaka 30.

Katika chaguzi za miji ya Minnesota, karatasi ya kura haitaji chama. Mgombea hupimwa kwa barabara na kodi.

Mwaka 2016 aliwania Seneti ya jimbo, ambako chama huandikwa kando ya jina. Bw. Little, wa Democratic, alikitwaa kiti cha Bw. Dave Thompson wa Republican, ambaye hakugombea tena. Hata hivyo, Republican walipata viti 34 kwa 33, naye akaketi upande wa wachache.

Baadaye alijizolea wafuasi wengi katika mtandao wa TikTok. Lakini mwaka 2020 alishindwa na Bw. Zach Duckworth wa Republican. Wafuasi hao waliweza kutoka popote duniani. Kura zilitoka jimboni mwake pekee.