Mgema Asiyesifiwa

Wapenzi wa bia wa Marekani wana hadithi wanayoipenda sana: kwamba Jimmy Carter ndiye aliyewaokoa. Tarehe 14 Oktoba 1978 rais huyo, mkulima wa karanga kutoka Georgia, alitia saini sheria iliyowaruhusu raia kutengeneza bia nyumbani bila kulipa kodi. Kisha, hadithi inaendelea, vikaja viwanda vidogo, na pamoja navyo ile bia ya rangi ya dhahabu iliyokolea, yenye uchungu na harufu ya balungi, ambayo leo huikosi kwenye baa za nchi hiyo. Ni hadithi tamu. Ina shujaa, ina tarehe, na inaenea kwenye fulana. Ila ukiipanga miaka yake kwa mfuatano, inaanza kuyumba.

Turudi nyuma kidogo. Kuanzia Januari 1920 hadi Desemba 1933 Marekani ilipiga marufuku utengenezaji na uuzaji wa vileo. Watu hawakuacha kunywa, waliingia jikoni. Madukani kulikuwa na makopo ya kimea kilichopikwa kikawa kizito kama asali, yakiuzwa kihalali kama kiungo cha mikate, na wengi walijua mkate wenyewe ni upi. Marufuku ilipoondolewa, wenye kaya waliruhusiwa kutengeneza mvinyo wa kunywa nyumbani. Bia ya nyumbani ilibaki haramu kwa miaka 45 mingine.

Kwa maoni yangu, hasara kubwa ya katazo hilo ilikuwa ukimya. Anayepika kwa siri huwaonjesha ndugu na marafiki wa karibu tu, na hao watamsifia, maana wanakunywa bure. Wahenga walishasema: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Ufundi usio na mkosoaji haukui.

Sasa tupange miaka. Mwaka 1970 Fred Eckhardt wa Portland, Oregon, alichapisha kitabu kidogo cha kuwafundisha watu kupika bia nzuri nyumbani. Mwaka 1972 watafiti wa kilimo wa Oregon walitoa aina mpya ya hopsi iitwayo Cascade, matokeo ya kazi iliyoanza mwaka 1956. Mwaka 1974 wapikaji wa Los Angeles waliunda klabu, wakaiita Maltose Falcons. Mwaka 1975 kiwanda cha Anchor cha San Francisco kilitengeneza Liberty Ale kwa hopsi hizo za Cascade. Mwaka 1976 kijana aitwaye Ken Grossman alifungua duka la vifaa vya wapikaji wa nyumbani mjini Chico, California. Yote haya yalitangulia saini ya Carter. Watu walikuwa wameshaketi mezani, wanaonja na kubishana, wakati karatasi ya rais bado haijaandikwa.

Hopsi ni maua ya mmea unaopanda kamba hadi juu sana, na ndiyo moyo wa bia hii. Ukiyachemsha saa nzima, yanatoa uchungu. Ukiyatia dakika za mwisho, au ukiyaloweka kwenye bia iliyokwisha kuchacha, yanatoa harufu. Kati ya nyakati hizo mbili kuna maamuzi mengi, na ulimi wa mpikaji peke yake hautoshi kuyapima, kwa sababu ameshazoea mkono wake mwenyewe.

Mimi ni mtu wa Kilimanjaro. Kwetu mbege hutengenezwa kwa ndizi na kimea cha ulezi, na uchungu wake hutoka kwenye gome la msesewe, kwa hiyo kuutafuta uchungu kwenye mmea si jambo geni kwangu. Kilichonishangaza huku Oregon, ninakosomea uzamili wa historia, ni karatasi. Wapikaji wa nyumbani wana fomu ya kukosoana yenye alama 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, hisia ya mdomoni 5, na maoni ya jumla 10. Mwonekano, kitu cha kwanza ambacho sisi wanywaji tunakisifia, umepewa alama chache kuliko vyote.

Mwaka jana mimi na mwenzangu wa chumba tulipika lita 19, tukapeleka chupa kadhaa klabuni. Mzee mmoja, seremala mstaafu, alinusa, akanyamaza, akanusa tena. Akaandika kwamba uchungu umetangulia na harufu imechelewa: tupunguze hopsi za mwanzo, tuongeze za dakika tano za mwisho. Dada aliyeketi kando yake akapinga. Kwake uchungu ulikuwa sawasawa. Kimea ndicho kilichokuwa chepesi. Wakabishana juu ya bia yetu kana kwamba hatupo. Sikuwahi kuona heshima ya namna hiyo kwenye semina yoyote.

Je, sheria ya Carter haikufanya kitu? Ilifanya. Ilianza kutumika Februari 1979, ikiruhusu takriban lita 380 kwa mwaka kwa mtu mzima mmoja na mara mbili ya hizo kwa kaya yenye watu wazima zaidi. Desemba 1978 Charlie Papazian, aliyekuwa akifundisha upikaji huko Boulder, Colorado, alianzisha na Charlie Matzen chama cha kitaifa cha wapikaji, na mwaka uliofuata mashindano yao yakaanza. Mwaka 1980 Grossman alianza kutengeneza Sierra Nevada Pale Ale, yenye Cascade ndani yake. Mabishano ya jikoni yakatoka hadharani.

Hata hivyo, majimbo yalikuwa na sheria zao. Mississippi na Alabama ziliruhusu bia ya nyumbani mwaka 2013 tu. Huku Oregon, mwaka 2010 wanasheria wa jimbo waliisoma upya sheria yao, wakaona bia ya nyumbani inapaswa kunywewa nyumbani. Mashindano ya bia kwenye maonyesho ya jimbo yakafutwa. Kupika kuliruhusiwa, kunywa kuliruhusiwa. Kilichokatazwa ni kubeba chupa kwenda kwa mtu wa kukukosoa. Wapikaji walidai haki hiyo, na mwaka 2011 sheria ikabadilishwa. Walikuwa na bia tele majumbani mwao. Walichokipigania ni wasikilizaji wasio wa kwao.

Mwanahistoria anayetafuta chanzo cha ladha ile ya balungi ataipata saini ya rais kwa urahisi, maana imehifadhiwa vizuri. Fomu za alama, zenye madoa ya bia na maneno kama "harufu imechelewa", nyingi huishia jalalani kabla ya wiki kwisha. Mimi ningeanzia kwenye fomu.